Dragonball Evolution hadi Cowboy Bebop: mi naona wanaionea aibu anime

Mkuu umeuliza kwa nini Hollywood kila wakishika anime (katuni za Kijapani) wakaigiza na watu halisi wanaboronga, naona wengi wamekujibu ni kwa sababu wanaweka waigizaji Wazungu. Hilo lipo, ila kwangu siyo lenyewe hasa.

Chukua Dragonball Evolution ya 2009. Mi nilikua darasa la sita, nywele za Goku, stelingi wa katuni ya Dragon Ball, tunazichora hadi kwenye daftari la hesabu, katuni yenyewe tunaangalia kwa CD za kuchoma za kaka mmoja jirani. Siku tukasikia kibanda umiza kuna Goku wa watu halisi, aisee saa nane mchana tushafika, kiingilio mia, tumebanana benchi la mbele, tunasubiri mtoto mwenye mkia. Anatokea jamaa wa sekondari, wenzake wanamwonea, anamtaka demu anaitwa Chi Chi. Dogo mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Sa Goku anatokea saa ngapi?" Watu wakacheka. Mwenye kibanda akajibu, "Si ndo huyo," tukanyamaza kama tumefiwa.

Goku wa Toriyama, mchoraji aliyemtunga, kakulia porini na babu yake, mwanamke hajawahi kumwona, siku anakutana na Bulma gari lake analinyanyua na kulitupa akidhani ni dude linataka kumla. Utamu wote uko hapo, ana nguvu za ajabu halafu ya dunia hajui hata moja. Ukishamfanya mwanafunzi anayeogopa mademu umebakiza jina tu. Na Kamehameha, lile pigo lake kubwa la nguvu, wakaifanya ya kuwashia mienge, jamani! Toriyama alishasema aliwapa maoni kuhusu skripti hawakusikia, na mwandishi wa hiyo muvi, Ben Ramsey, mwaka 2016 akaja kuwaomba radhi mashabiki, akakiri alifuata hela, hakua shabiki.

Ugonjwa wao ni huo, wananunua kitu halafu wanakionea aibu. Wanaona mtazamaji wa kwao hatoelewa, basi wanamgeuza stelingi awe kijana yeyote wa Marekani.

Death Note ya Netflix, 2017, ya mwanafunzi Light mwenye daftari ambalo ukiandika jina la mtu anakufa, ni hivyo hivyo. Light wa Kijapani ni kichwa darasani, ana kiburi, Ryuk, mungu wa kifo mwenye hilo daftari, anapomtokea anashtuka kidogo tu halafu anamwambia alikua anamsubiri. Sasa Light wa Seattle anapiga yowe na kujificha kama kaona nyoka chooni, na haipiti muda siri ya daftari kashampa demu ili amfurahishe. Mtu wa hivyo atamzidi akili L, mpelelezi anayemsaka, kwa lipi?

Anayesema tatizo ni hela, kaangalie Cowboy Bebop ya Netflix. John Cho anayeigiza stelingi Spike yuko vizuri tu, muziki wamemrudisha Yoko Kanno mwenyewe aliyetunga ule wa anime. Ila ile ya 1998 ina episodi 26 na Vicious, adui wa Spike, humo unamwona mara chache mno, Julia mpenzi wake wa zamani ndo kama ndoto, na ndo maana Spike anakuuma, kuna kitu anakificha na hakwambii. Netflix wakaamua kukuelezea kila kitu, Vicious kawa mtu wa kulalamika kila episodi. Ikatoka Novemba 2021, haikumaliza mwezi wakaifuta. Watanabe aliyetengeneza anime amesema alipoona ile sini ya mwanzo ya kasino akaishia hapo hapo.

(Speed Racer ya 2008, nayo ya kutoka anime, msinitukanie, ile iliuza vibaya lakini haikuona aibu, marangi yote walimwaga.)

Ila One Piece ya 2023 hawakuionea aibu: waliishutia Cape Town na Oda mwenyewe, mtunzi wake, alikua na neno la mwisho. Stelingi Luffy mikono inavutika kama mpira, kofia ya majani kichwani, anapiga kelele atakua Mfalme wa Maharamia na hakuna anayejaribu kumfanya wa kawaida. Mdogo wangu kaimaliza kwa siku mbili, juzi kaniuliza kama na Dragon Ball kuna ya watu halisi.

Nimemwambia haipo.