Wasumeri walipika bia au pombe?

Swali: Katika makala yangu ya historia niliandika, "Bia ilikuwa chachu ya kilimo, na Wasumeri waliigema tangu kale." Mhariri amefuta kila "bia" na kuweka "pombe". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mhariri amehangaika na "bia" akaliacha "waliigema", ambalo ndilo kosa. Kinachogemwa ni tembo, maana hutoka mtini. Pombe ya nafaka hupikwa, hata kama sehemu kubwa ya kazi ni kungoja ichachuke.

Kuhusu bia, nakuunga mkono wewe, ila kwa sharti. Pombe siku hizi ni jina la kila kinacholevya, mvinyo ukiwemo. Wajenzi wa piramidi za Misri walipewa posho ya mikate na bia. Ukisema walipewa "pombe", msomaji habaki na picha yoyote. Tatizo ni kwamba "bia" nayo humletea picha ya chupa na kinywaji angavu chenye povu. Bia ya Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, haikuwa hivyo. Ilitokana na kimea cha shayiri, haikutiwa hopsi (maua yanayoipa bia ya leo uchungu), na mara nyingi watu waliuzunguka mtungi mmoja wakainywa kwa mirija ili wasimeze makapi. Utenzi wa kumsifu Ninkasi, mungu wao wa kike wa bia, ulioandikwa takriban mwaka 1800 KK, unataja kimea na mikate iliyotumika kuipikia. Kwa hiyo anza na "bia ya shayiri", ueleze ilivyokuwa, kisha endelea na "bia" tupu.

"Chachu" imenichekesha, kwa kuwa bia yenyewe ndiyo huchachushwa. Tamathali hiyo ibakize. (Ukipenda "hamira", ujue shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa pia "khamr", yaani kileo. Na sheria ya bia ya Bavaria, Ujerumani, ya 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, kwani kazi yake ilikuwa bado haijaeleweka.) Lakini dai lenyewe lipunguze makali. Kama watu walianza kulima nafaka kwa ajili ya bia au mkate, wanaakiolojia bado wanabishana.

Mimi ningeandika: "Huenda bia ya shayiri, waliyoipika baadaye Wasumeri, ilikuwa miongoni mwa chachu za kilimo."