Kila mtu afisa, sasa askari ni nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mtoto wa Tanga, naendesha lori huku California. Wenzangu wameniomba niandike karatasi moja ya Kiswahili ya kuwasaidia madereva wageni, Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, waelewe hawa polisi wa barabarani wa jimbo wamejipangaje. Nimeanza hivi: "Doria ya Barabara Kuu ya California imegawanyika katika divisheni nane, kila divisheni ina chifu wake, na kila afisa amepangiwa beti yake." Rafiki yangu Mkenya anasema iko sawa kabisa. Mi moyo unasita. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Moyo wako una akili kuliko kalamu yako. Mtoto wa Tanga kabisa, kwenye Kiswahili cha kunyonya na maziwa, unaandika "amepangiwa beti yake"? Ngoja nivute kiti maana hii sentensi moja ina kazi ya siku nzima, na kuna neno moja humo ndani limenikaa kooni miaka na miaka, ila hilo nalisogeza mwisho ili nisikasirike mapema.

Doria kwanza, hiyo hainikoseshi usingizi. Asili yake Kiarabu, mzizi wa kuzunguka, ndugu zake ni duara na duru, basi, tumemaliza habari za asili. Shida ni kwamba kwetu doria ni tendo, ni kule kuzunguka kwenyewe. Watu wanafanya doria, wako kwenye doria, wametoka doria, lakini doria yenyewe haina miguu, haiwezi kukusimamisha saa nane za usiku ikakuomba leseni. Kuandika "Doria imemkamata dereva" ni sawa na kuandika "Harusi imekula pilau". Pilau wamelila watu. Kwa hiyo mara ya kwanza taja jina lao wanalolitumia, California Highway Patrol, halafu ukieleza kwa Kiswahili sema polisi wa barabara kuu wa jimbo, na kuanzia hapo "polisi wa barabara kuu" inatosha. Usiwaite matrafiki, maana nimeona umejaribu hivyo sehemu nyingine ya barua yako. Tangu mwaka 1995 walipounganishwa na waliokuwa polisi wa serikali ya jimbo, kazi yao ni pamoja na kulinda majengo ya serikali na viongozi wake, na trafiki wetu wa pale kwenye mataa hana mzigo huo.

Jimbo liache kama lilivyo. Najua hapa nyumbani ukisema jimbo mtu anauliza mbunge wake nani, na Mkenya wa umri wangu anakumbuka kelele za majimbo za 1963, ila kwa Marekani neno limeshazoeleka na msomaji hapotei.

Divisheni sasa. Mwanangu, kwa Mtanzania yeyote aliyepita kidato cha nne divisheni ni matokeo ya mtihani. Kuna wani, tuu, thrii, foo, halafu kuna ziro ambayo haitajwi mbele ya wageni. Ukimwambia kijana aliyetua jana kutoka Morogoro kwamba polisi wa huko wana divisheni nane atajiuliza hiyo ya nane ni ya watu waliofeli kiasi gani. Neno tunalo, ni kanda. Tuna Kanda ya Ziwa, tuna Nyanda za Juu Kusini, na polisi wetu wenyewe wana Kanda Maalum ya Dar es Salaam yenye mikoa yake ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Kanda ni wingi wa ukanda, ule mkanda mrefu, ingawa siku hizi tunasema kanda moja kanda mbili na hakuna aliyekufa. Na kwa polisi wa barabara kuu neno linakaa vizuri kupita maelezo, barabara nazo ni kanda zimelala ardhini.

Hizo nane ukizitaja usizitafsiri zote kwa pupa. Kaskazini, Kati, Kusini, Pwani, Mpaka, hizo sawa, ya Bonde nayo sawa, ile ya Inland andika ya Bara. Ila umeniandikia pembeni "Kanda ya Lango la Dhahabu", hapo hapana. Golden Gate ni jina la mahali, ule mlango wa bahari wa San Francisco wenye daraja maarufu, liache, wala hatuiti Kariakoo "Kikosi cha Wapagazi" kwa sababu tu tunajua lilikotoka. Na waeleze wenzio kwamba Kanda ya Kusini siyo ya kusini kabisa, hiyo ni ya kaunti ya Los Angeles, ukiteremka zaidi unakuta ya Mpaka ambayo ndiyo ya San Diego. Mtu akisoma majina bila ramani atapotea, na hilo siyo kosa la Kiswahili.

Chifu! Hili nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia. Mkuu wa kanda kule cheo chake kinaitwa chief, ni kweli, lakini chifu kwetu ni Mkwawa, na kwa huyo rafiki yako Mkenya chifu ni yule wa lokesheni anayeita baraza na kumwaga chang'aa za watu. "Chifu wa Golden Gate" kwa Mkenya ni mzee mwenye fimbo anapita chini ya daraja anatafuta pipa. Sema mkuu wa kanda. Na kwa kuwa umesema utaeleza na masherifu wa kaunti, andika sherifu kwa e, tafadhali, maana ukikosea ukaweka a, kule kwetu Pwani sharifu ni mtu wa nasaba ya Mtume, siyo mtu wa pingu.

Beti nayo, hiyo beat ya Kiingereza, yaani eneo analozungukia askari, ndiyo usiseme. Zamani ningekuambia beti ni wingi wa ubeti, mashairi, mizani na vina. Leo ukimwambia kijana askari amepangiwa beti atauliza ameweka timu ngapi kwenye mkeka. Tuna neno lindo, zuri sana, ila askari wa lindo kwetu anakaa mahali pamoja, anasimama na rungu lake mlangoni, wakati huyu wa California anatembea na gari maili na maili. Sema kipande. Askari amepewa kipande chake cha barabara. Kila mtu ataelewa, hata wa Lubumbashi.

Sasa nimefika penyewe.

Afisa. Jamani afisa. Wengine wanaandika ofisa, magazeti mengi ya hapa Tanzania yanapenda ofisa na maofisa, Wakenya wanapenda afisa na maafisa, mi hapo sigombani na mtu, neno ni lilelile la Kiingereza limevaa mashati mawili. Ninachogombana nacho ni hii tabia ya kumpa kila mwenye kibarua jina la afisa, mpaka neno limekuwa kama karanga za kwenye basi, kila mtu anagawiwa kidogo.

Nitakupa mfano wangu ninaoupenda na wanaonijua wameshauchoka. Siku moja nikapigiwa simu, sauti tamu, "Mzee, kesho asubuhi afisa wetu wa huduma kwa wateja atafika nyumbani kwako." Nikasema vyema. Nikafagia uwanja, nikavaa shati la mikono mirefu, mke wangu akatoa vile vikombe vya kabatini, chai ya tangawizi ikawa tayari. Saa nne akaja kijana na spana. Akasalimia vizuri sana, shikamoo mzee, marahaba, akanywa chai yetu yote, akala na vitumbua viwili, halafu akaenda kwenye mita akanikatia maji. Ndiyo huduma, na mteja ndiyo mimi. Sasa huyo angeitwa fundi wa maji, au mkata maji, jina la zamani la heshima, si ningejua mapema nikajaza ndoo? Neno afisa lilinigharimu ndoo sita za maji na vitumbua viwili. Vijana wa bodaboda nao siku hizi ni maafisa usafirishaji, mlinzi wa getini ni afisa usalama, anayeuza laini za simu chini ya mwavuli ni afisa mauzo. Nawapenda wote na kazi zao zinalisha watoto, lakini mkishakuwa maafisa wote nani atakuwa anamwamuru nani?

Turudi kwa polisi. Kiswahili cha polisi na jeshi kina mstari ambao Kiingereza cha kawaida kimeufuta, na ndiyo maana nakasirika kuona tunaufuta na sisi bila kulazimishwa. Sikiliza hotuba yoyote ya kipolisi hapa nchini, utasikia "maofisa, wakaguzi na askari wa vyeo mbalimbali". Makundi matatu. Askari ni kuanzia konstebo, koplo, sajini mpaka sajini meja, wakaguzi ni wale wa kati, halafu ndiyo maofisa, akina mrakibu msaidizi na mrakibu, kisha makamishna mpaka Inspekta Jenerali. (Mrakibu, kwa kupita tu, ni Kiarabu cha msimamizi anayeangalia, neno zuri mno limefichwa kwenye mabega ya watu wachache.) Kwa hiyo gazeti likiandika "maafisa wanne wa polisi wajeruhiwa kwenye ajali", mi naona warakibu wanne ndani ya gari moja, najiuliza kulikuwa na kikao gani, kumbe ni makonstebo wanne masikini walikuwa wanarudi kituoni.

Na California ndiyo mtego wenyewe. Kwa sababu kule, mwanangu, hawa polisi wa barabara kuu cheo chao cha chini kabisa mtu akishahitimu mafunzo kinaitwa officer. Cha chini kabisa! Majimbo mengine kama Missouri huyo wanamwita trooper, angalau mtu anastuka kidogo kabla ya kutafsiri. Huyo officer wa California juu yake kuna sajini, kuna luteni, kuna kapteni ambaye kwa kawaida ndiye mkuu wa kituo, kituo kidogo anaweza kukiongoza luteni, juu ya kapteni kuna naibu mkuu wa kanda, kuna mkuu wa kanda mwenyewe, halafu makamishna wasaidizi, naibu kamishna, na kamishna aliyeteuliwa na gavana anakaa makao makuu Sacramento. Ukimwita yule wa chini afisa, umempandisha cheo ngazi zote hizo kwa kalamu moja, na kapteni wake utamwita nani, mfalme?

Utaniambia, mwalimu, mbona huku tunasema "Yes, officer" na mtu anafurahi? Hapo ndipo nilikuwa nakusubiri. Kumwita mtu ni kazi moja, kumtaja ni kazi nyingine. "Yes, officer" ni kumwita, umeshusha kioo, mikono iko juu ya usukani, unataka yaishe salama. Sisi kwa kazi hiyo tuna neno kubwa kuliko lao, tuna afande. Limetoka kwa Waturuki, likaja na jeshi, na hakuna konstebo Chalinze aliyewahi kukataa kuitwa afande, hata akiwa ana wiki mbili kazini. Heshima tunaimaliza mdomoni. Tukishafika kwenye karatasi, tunapomtaja kwa mtu wa tatu, yeye ni askari na askari siyo tusi. Lile sanamu pale Posta, Dar es Salaam, tangu 1927 limeshika bunduki yake na linaitwa Askari, na sijasikia mtu anataka tulibadilishe liwe Sanamu la Afisa, ingawa nisiongee sana, wanaweza kunisikia.

Kuhusu rafiki yako Mkenya. Kenya wameshaamua, konstebo ni afisa wa polisi, redio inasema, runinga inasema, mtoto wa darasa la pili anasema. Nimebishana nao miaka mingi, nikaandika, nikapigiwa simu, nikanyamaza. Kwao neno limeshahama na nyumba yake ya zamani ina wapangaji wengine, basi waishi salama. Akisema "afisa" kwenye lori lake mwachie. Karatasi yako lakini itasomwa na Mtanzania na Mkongo pia, na "askari" wote watatu wanalielewa bila mkalimani.

Andika hivi: "California Highway Patrol ni polisi wa barabara kuu wa jimbo, walioanzishwa mwaka 1929. Wamegawanyika katika kanda nane, kila kanda ina mkuu wake na vituo vyake, na vituo vyote kwa pamoja vimepita mia. Kila kituo kinaongozwa na kapteni au luteni, na kila askari aliye zamu ana kipande chake cha barabara." Ongeza na kwamba hao hao ndio utakaowakuta kwenye mizani ya malori, maana dereva mgeni anadhani wa mizani ni watu wengine kabisa kama huku kwetu. Na neno mizani usilibadilishe hata ukipewa hela.

Nasikia madereva wenyeji huko wanawaita dubu, kwa ajili ya zile kofia zao zinazofanana na ya Smokey, yule dubu wa matangazo ya moto wa msituni. Hilo siligusi, tena nimelipenda, ila kwenye karatasi usiliweke.

Mimi hapa maji bado. Nimelipa juzi, nimepiga simu, wameniambia nisubiri, kuna afisa anakuja.