Miezi mitano bila pombe: utamu, usingizi na kitambi

Mkuu, umeeleza kwamba una miezi mitano hujagusa pombe hapa Dodoma, ila hamu ya soda haiishi, usingizi unakatika saa nane usiku na kitambi kinaongezeka. Hongera sana kwa hiyo miezi mitano. Hayo matatu yanashikana, na fundo lake liko jioni.

Piga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi, na kila gramu ni kalori 7. Ukijumlisha na wanga wake, bia moja inakaribia kalori 200. Aliyekuwa anapiga nne kila jioni, mwili wake umezoea kupokea kalori 800 kuanzia saa kumi na mbili, na saa hiyo ikifika unadai chake. Unaupa soda: chupa ya mililita 350 ina kama vijiko tisa vya chai vya sukari. Nguvu inapanda, kisha inashuka, na ile hasira ya njaa pamoja na mikono kutetemeka inafanana mno na kiu ya pombe. Watu hurudi kilabuni kwa njaa tu, wakidhani ni arosto, yaani mwili kudai kilevi.

Kwa hiyo kula kabla njaa haijakukuta. Saa kumi na moja jioni, kabla hujapita njia ya grosari, tafuna kiganja cha karanga na yai la kuchemsha, au kunywa uji wa uwele usio na sukari nyingi. Saa moja usiku, ugali wa uwele au mtama kwa mlenda na kunde. Chakula hicho kinashuka polepole, na kina vitamini B1 ambayo pombe ya miaka mingi huimaliza mwilini. Miguu ikiwaka moto au ikifa ganzi, hapo uji hautoshi, nenda ukapimwe. Soda usizikate zote kwa siku moja. Kama unakunywa tatu kwa siku, shusha hadi moja, na uinywe na chakula.

Kati ya hiyo saa kumi na moja na saa moja, tembea kwa kasi dakika 30. Asubuhi ni nzuri kwa mwili, lakini jioni ndiyo saa inayohitaji kulindwa.

Usingizi unachelewa kurudi, huchukua miezi. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa nane mchana, maana hata zikipita saa tano hivi tangu unywe, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Amka saa ile ile hata Jumapili. Kuota unakunywa ni kawaida kabisa, hujaanguka. Valium, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, usijinunulie duka la dawa: inagusa sehemu zilezile za ubongo zilizoguswa na pombe, nayo hunasa.

Jambo moja la huku kwetu: juisi ya zabibu ya kukamua nyumbani. Ganda la zabibu lina chachu yake, na kwa joto la Dodoma dumu lililolala nje ya friji linaanza kuwa pombe lenyewe. Fungua kifuniko usikilize. Kikipumua, vipovu vikiwa vimeshika ukingoni na harufu inakaribia ya unga wa mkate ulioumuka, usionje hata kidogo. Togwa iliyopitiliza ni vivyo hivyo. Zabibu mbichi kula bila wasiwasi.

Na wewe unayesoma hapa huku bado unakunywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako nyumbani. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kunakofuata kunaweza kuua. Nenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, au hospitali iliyo karibu, uwaambie kiasi halisi unachokunywa bila kupunguza hata chupa moja, maana dawa watakayokupa inapangwa kwa kiasi hicho.