Irudi safu ya ajabu, ila msiikate mkia

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni safu ipi ya magazeti ya zamani tungependa irudi. Wengi najua watadai katuni na hadithi za mfululizo. Mimi nataka ile ya ajabu za kweli, iliyokuwa ikijificha kurasa za ndani: mvua ya samaki, au meli Mary Celeste iliyokutwa Atlantiki mwaka 1872, chakula kimo, watu hakuna.

Hapa Mwanza gazeti likishasomwa lilihamia sokoni kufungia dagaa na maandazi. Ajabu nyingi nilizisoma hivyo, mistari ya mwisho imelowa mafuta. Wala sikukosa kitu, maana hata gazeti likiwa zima mwisho ulikuwa uleule: wataalamu wameshindwa kueleza. Wataalamu gani? Walipima nini? Kimya.

Robert Ripley wa Marekani, aliyeanza safu yake mwaka 1918, alikuwa na ujanja mwingine. Aliandika kwamba rubani Lindbergh, shujaa wa 1927, alikuwa mtu wa 67 kuvuka Atlantiki angani bila kutua. Wasomaji wakamjia juu. Kumbe hesabu ilikuwa sahihi: wengi waliomtangulia walivuka kwa puto kubwa zenye injini. Lindbergh alikuwa wa kwanza kuvuka peke yake.

Sasa tazameni wasimulizi walivyoifanyia ajabu ya huku kwetu kando ya Ziwa Victoria. Duniani kote husimuliwa kwamba Tanganyika watu waliwahi kucheka mwaka mzima bila kupumzika. Nani ana mapafu hayo! Ilivyokuwa ni hivi: tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi 3 walishikwa na kicheko. Hadi shule inafungwa Machi 18, walikuwa wameshikwa 95 kati ya 159. Mwalimu hata mmoja hakushikwa. Kicheko kilikuja na kuondoka, kwa dakika au saa kadhaa, kikichanganyika na kilio na kutotulia. Aliyeugua muda mrefu kuliko wote alifikisha siku 16. Wasichana wakarudishwa makwao, na katika kijiji cha Nshamba, kwao na baadhi yao, wakaugua watu 217. Madaktari Rankin na Philip walitafuta sumu kwenye chakula na vijidudu kwenye damu, wasipate. Hakuna aliyekufa. Wakahitimisha kuwa ni taharuki iliyoambukizana.

Mnaona? Ikielezwa yote ndiyo inatisha zaidi. Kwa nini walimu walisalimika? Nchi ilikuwa na wiki chache tu tangu uhuru. Wazazi, walimu na watoto walikuwa wakitarajia nini kutoka shule ile? Hapo ndipo pa kukuna kichwa, siyo kwenye kichekesho cha mwaka mzima.

Msiogope kwamba maelezo yataua utamu. Kila mvuvi anajua ule moshi unaosimama ziwani bila moto ni wadudu wadogo mithili ya mbu, wasiouma, wanaoibuka kwa mamilioni, hasa mwezi unapoandama. Bado ukipita mtumbwini watu hunyamaza, na si kwa heshima: ukifungua mdomo umewala.

Kwa hiyo safu irudi, na kila ajabu iwe na mahali, tarehe na jina la aliyechunguza. Mwandishi wenu wa kwanza mpandisheni meli iendayo Bukoba. Msichana aliyekuwa na miaka 14 mwaka ule sasa amevuka 70. Muulizeni, kama atapenda kusema.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza