Je, Manase alitubu kweli? Mbona 2 Wafalme kimenyamaza?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. 2 Nyakati 33 inasema Mfalme Manase alitubu akiwa kifungoni, Mungu akamrudisha Yerusalemu. Lakini 2 Wafalme 21 haigusi toba hiyo hata kidogo, na 23:26 inasema hasira ya BWANA haikupoa kwa ajili ya machukizo ya Manase. Mume wangu anadai mwandishi wa Nyakati alimsafisha tu. Tushike lipi?

Jibu: Amina, dada yangu. Mumeo anasoma kwa makini. Wengi wetu tunazipita sura hizo mbili bila kushtuka.

Anzeni na 2 Wafalme 21:17. Mwandishi anasema mambo mengine ya Manase yamo katika kitabu cha tarehe cha wafalme wa Yuda (hicho kimepotea, si Nyakati hivi tulivyo navyo). Basi amekiri mwenyewe kwamba anachagua. Manase alitawala miaka 55, kuliko mfalme yeyote wa Yuda, naye ameimaliza yote kwa mistari 18!

Kitabu chake kinaishia uhamishoni, Yehoyakini akitolewa gerezani Babeli. Wasomaji wake hekalu lao limechomwa, wanauliza: tumefikaje huku? Kwa swali hilo jibu ni sanamu ndani ya nyumba ya BWANA, mwana aliyepitishwa motoni, na damu isiyo na hatia iliyojaa Yerusalemu. Nyakati kinaishia na ruhusa ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ya kurudi Yerusalemu. Wasomaji wake wameshafika nyumbani, nao wanauliza: Mungu bado anatutaka? Mfalme aliyepelekwa Babeli kwa pingu, akaomba, akarudishwa: hiyo ilikuwa habari yao wenyewe.

Mumeo atasema hiyo ndiyo sababu ya kuitunga. Lakini kama ni kumsafisha Manase, kazi imefanywa vibaya mno. Katika 33:15 sanamu anazitupa nje ya mji. Hazichomi, ingawa Kumbukumbu la Torati 7:5 inaagiza zichomwe. Mistari michache mbele, Amoni mwanawe anazitolea dhabihu sanamu alizozifanya baba yake. Anayetunga toba huitunga ikiwa kamili. Hii ina mapengo kama toba zetu. Kwangu hoja hiyo ina uzito kuliko ya historia.

Hata hivyo historia haipingi. Maandishi ya Waashuru yanamtaja Manase wa Yuda kati ya wafalme waliokuwa chini ya Esarhadoni mfalme wa Ashuru, na tena chini ya Ashurbanipal mwanawe. Kifungo chake hayakitaji. Wengine hushangaa kwa nini Waashuru wampeleke Babeli badala ya Ninawi, ila siku hizo Babeli nayo ilikuwa chini ya Ashuru. Na mkikutana na ile Sala ya Manase iliyomo katika Biblia za Waorthodoksi, isomeni, ni nzuri, lakini msiifanye ushahidi: ilitungwa muda mrefu baadaye.

Sasa hiyo hasira. Aliyesikiwa akiomba ni Manase. Taifa alilolikosesha miaka mingi (2 Wafalme 21:9) halikutubu pamoja naye, na baada ya mjukuu wake Yosia, mfalme aliyeziondoa sanamu, wana wa Yosia walirudia maovu yaleyale. Daudi naye aliambiwa na nabii Nathani kwamba dhambi yake imeondolewa, na katika mazungumzo hayohayo akaambiwa upanga hautaondoka nyumbani mwake. Msamaha wa mtu ni jambo moja, alichokipanda kwa wengine ni jingine, na Biblia haioni aibu kuyaweka yote mawili. Kwa hiyo shikeni vitabu vyote viwili, kila kimoja kwa swali lake.

Mwombe mumeo kitu kimoja. Asome 2 Wafalme 23:12, Yosia anapobomoa madhabahu za Manase katika nyua za hekalu, kisha arudi 2 Nyakati 33:15, ambapo Manase mwenyewe alikwisha kuziondoa. Anieleze yeye, zilirudije?