Anza na vitambulisho, ontolojia zitafuata

Kila kikundi kinachoniomba ushauri wa kuweka orodha ya shule au vituo vya afya kwenye wavuti ya kisemantiki, yaani wavuti ambayo data zake zinaeleweka na kompyuta, huanza kwa kuuliza ontolojia ipi itumike, yaani mpangilio upi rasmi wa aina za vitu na mahusiano yao. Kwa maoni yangu, swali hilo lisubiri. Nimesafisha majedwali mengi ya mashariki mwa Uganda, na karibu kila mara shida huwa katika safu moja tu, ile ya mahali.

Chukua Mbale. Hadi katikati ya mwaka 2020 ilikuwa manispaa ndani ya wilaya yenye jina hilohilo. Tarehe 1 Julai mwaka huo ikawa jiji, sambamba na Gulu, Arua na Jinja, na utawala wake ukatenganishwa na ule wa wilaya. Mtu akisoma "Mbale" hubahatisha kwa muktadha, lakini kompyuta haina muktadha. Ndiyo maana RDF, mfumo wa kueleza data uliopitishwa mwaka 1999 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, hukitaja kila kitu kwa anwani yake ya pekee ya wavuti, ambayo ndiyo kitambulisho chake, kisha hueleza habari zake kwa kauli fupi zenye kiima, kiarifu na yambwa: kituo hiki, kimo ndani ya, jiji lile. Basi lipe jiji anwani yake, wilaya nayo ipe yake, na hata ile manispaa ya zamani ipe yake, pamoja na tarehe ya kukoma.

Usijitungie anwani kabla ya kutazama Wikidata, hifadhidata huria ya wavuti, ambako Uganda ni Q1036 na uhusiano wa kuwa ndani ya eneo la utawala ni P131. Ukivitumia vitambulisho hivyo, utaweza kuunganisha data zako na za wengine kwa ulizo la SPARQL, lugha ya kuulizia data za RDF, bila kuombana faili kwa barua pepe (ambazo, tuseme kweli, hazijibiwi).

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni owl:sameAs, kiarifu kutoka OWL, lugha ya kuandikia ontolojia. Wengi huiandika wakimaanisha kwamba vitu viwili vinakaribiana, ilhali kimantiki inatamka kuwa ni kitu kimoja. Ukiiweka kati ya jiji la Mbale na wilaya ya Mbale, programu ya kuhitimisha, yaani inayotoa kauli mpya kutokana na zilizopo, itachanganya mipaka, viongozi na idadi ya watu wa pande zote mbili, wala haitakuonya. Penye shaka, tumia skos:closeMatch, inayosema tu kwamba vitu viwili vinakaribiana.

Ukishamaliza hayo, schema.org, msamiati wa pamoja wa kuelezea vitu kwenye wavuti, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Google, Bing na Yahoo, tayari ina aina za shule na hospitali. Ziandike kwa JSON-LD, namna ya kuandika RDF kwa JSON (muundo wa data unaotumiwa sana na programu), ambayo mtayarishaji programu yeyote aliyezoea JSON ataielewa, na sehemu nyingine za OWL uziache hadi utakapotaka mashine ihitimishe jambo ambalo hukuliandika.