Kwa maadmini wapya wa grupu letu la mbio la WhatsApp

Wadogo zangu, hongereni kwa uadmini, na poleni. Naandika kwa sababu ya Jumanne usiku. Watu wawili wanabishana kuhusu viatu, mmoja wenu anafunga grupu, anashusha mahubiri ya kurasa mbili yenye mistari ya Biblia, halafu anafungua asubuhi. Mliona wenyewe: ubishi wa viatu ukageuka ubishi wa admini. Mimi nilikuwa nasoma huku maharage yanaungua jikoni, maana mahubiri hayo hayo niliwahi kuyatoa.

1. Watu wawili wakigombana usifunge grupu la watu mia. Wapigie. Simu, siyo meseji. Mtu mkali kwenye vidole, ukimsikia sauti yuko anatafuna ugali wala hana habari.

2. Utani. Moshi hii, Mchagga na Mpare ni watani tangu enzi za mababu. Ukipiga marufuku utani utabaki na ratiba ya mazoezi ya Rau na matangazo ya vikoba. Ila mwangalie anayetaniwa. Akirudisha, kaa pembeni unywe chai. Akianza kujibu kwa dole gumba tu, hapo hamna utani tena.

Hili nililijua kwa gharama ya mtu mwingine. Ilikuwa 2019, wiki moja baada ya Kilimanjaro Marathon. Dada mmoja, nesi, alikuwa amemaliza kilomita 21 zake za kwanza, akatuma picha ya medali na muda wake. Mnaijua ile 21, unapanda kilima cha Mweka mpaka unajuta kuzaliwa, ndipo ushuke. Muda wake ulikuwa mzuri kuliko wa mkongwe wetu mmoja. Mkongwe akaandika: "Bodaboda ya kupanda Mweka siku hizi shilingi ngapi?"

Watu wakacheka. Na mimi, admini, nikaweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Kilitosha kuwa kibali. Jioni zikaja stika za bodaboda. Kesho yake dada akituma mazoezi ya asubuhi, anaulizwa kama helmeti alivaa. Siku ya tatu akanifuata inboksi, kwa adabu zote: "Shikamoo kaka. Naomba uwaambie waache, hata kazini wameanza kuniita Boda."

Nikamjibu usijali, watachoka. Kisha nikapiga skrinishoti ya meseji yake nimtumie admini mwenzangu, nikaongezea na ya kwangu: "Huyu naye anadeka. Nimjibuje?"

Nikaituma grupuni.

Mikono ikaanza kutetemeka. Nikabonyeza kufuta, yakaja yale machaguo, nikachagua kufuta kwangu. Kwangu! Watu mia na kitu wanaisoma, mimi peke yangu ndiyo siioni. Enzi hizo ukishakosea hivyo huwezi kurudisha, na admini mwingine hakuwa na uwezo wa kufuta meseji ya mtu. Hayo yamekuja 2022, nyie mmeyakuta. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, simu mkononi, naangalia fulani anaandika, fulani anaandika, halafu hakuna anayetuma. Mwishowe likatokea jina lake: amelefti. Nilimpigia siku mbili, hakupokea.

Kwa aibu nikamtoa mkongwe usiku ule ule, bila onyo, bila neno. Watu saba wakamfuata, wakafungua grupu lao. Nasikia huko mimi ni stika mpaka leo. Na walikuwa na haki, maana nilimfukuza mtu kwa kosa nililolichekea.

3. Cha inboksi kibaki inboksi. Hata kwa admini mwenzako, simulia kwa maneno yako.

4. Onyo la kwanza la siri, la pili la siri na admini mwenzako anajua, la tatu unamtoa na kusema sababu kwa sentensi moja. Moja tu, mchungaji wa Jumanne.

5. Acheni kutishia watu polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na kumnyanyasa mtu mtandaoni ni faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Hicho siyo kitu cha kurusha kwenye ubishi wa nani mkali wa marathon, Ikangaa au Simbu. (Ikangaa alishinda New York 1989, Simbu kachukua dhahabu ya dunia Tokyo 2025. Sina upande. Ninao, ila ni admini.)

6. Ukiwa na hasira, simu ichajiwe chumba kingine.

7. Kuomba msamaha usingoje kama mimi. Miaka imepita, niko kwenye mbio zile zile, napanda Mweka, nimekwisha. Nikafika meza ya maji, nikanyoosha mkono bila kumtazama anayenipa.

"Shikamoo, admini."

Alikuwa yeye, kashika kikombe. Nikasimama, na mnajua kusimama pale kwenye kilima ni kujiua. Nikaanza kumwomba radhi lakini pumzi hakuna, natoa tu "sa... sa..."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kunywa kwanza," akasema. "Bodaboda zipo pale kwenye kona."